Kujirudi baada ya korona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara katika vikao vya ushauri nasaha hapa Mombasa. Mengi hayaulizwi ndani ya kikao. Huulizwa mlangoni, watu wakishaanza kutoka na muulizaji keshavaa kiatu kimoja. Si lazima uyasome yote, nenda kwenye lako. Jibu likitegemea jibu jingine, nimekuelekeza huko.

## Ya mwanzo

Korona imekwisha zamani. Mbona mimi bado sijakaa sawa?

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya dharura imekwisha. Mwili wako haukusikia tangazo hilo. Uliishi muda mrefu ukiwa macho: nani anakohoa, saa ya kafyu imebaki dakika ngapi, kesho tutapika nini. Ukajizoesha kukaa macho, na mazoea ya mwili hayafutwi kwa siku moja.

Halafu watu husahau muda wenyewe ulikuwa mrefu kiasi gani. Kafyu ya Kenya ilianza tarehe 27 Machi 2020 ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, karibu miezi kumi na tisa. Shule zilifungwa Machi 2020 na watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Mji wa Kale ulifungwa mapema Mei 2020, mfungo ukiwa kati, na Idi ya mwaka ule ikaliwa watu wakichunguliana madirishani. Tanzania hakukuwa na kafyu na shule zilifunguliwa Juni 2020, lakini misiba ilikuwepo. Mingi ilipita chini ya jina la "changamoto ya upumuaji", na msiba usiotajwa kwa jina lake huwa mgumu kuumaliza.

Wala huko peke yako. Shirika hilohilo lilikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25 hivi.

Nitajuaje kama ni uchovu tu, mawazo, au ni sonona?

Uchovu huondoka ukipumzika. Mawazo, kwa maana tunayoitumia tukisema "fulani ana mawazo", huwa na kitu chake: deni, mgonjwa, mtoto. Kitu kikipungua, nayo hupungua. Sonona huchukua hamu yenyewe. Taarabu uliyokuwa ukiipenda inapigwa na wewe unaisikia kama kelele za jirani. Chakula ni cha kujaza tumbo. Hali hii ikikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, na ikagusa usingizi, kula, kazi au ibada, basi tafuta mtu wa afya (tazama "Nitampata wapi mshauri?").

Wengi wetu hatuji tukisema "nina huzuni". Tunakuja na kichwa, mgongo, tumbo kujaa, mwili kuwaka moto, ganzi za miguu. Tumeshapimwa malaria mara tatu na taifodi mara mbili, na mfuko wa dawa umejaa. Maumivu hayo ni ya kweli, ila chanzo chake kinaweza kuwa hakionekani kwenye darubini ya maabara.

Kabla ya kusema ni mawazo, nipimwe nini?

Presha, sukari, wingi wa damu na, ikiwezekana, tezi ya shingo. Upungufu wa damu huleta uchovu unaofanana sana na sonona, na tezi ikifanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio na kutetemeka. Ni vipimo vya kawaida. Vimalize kwanza, usije ukakaa kwenye ushauri miezi sita kumbe ulihitaji vidonge vya kuongeza damu.

Sina nguvu ya kufanya lolote. Nianzie wapi?

Anza na mwili, usingojee hamu. Ukishapoteza hamu, hurudi nyuma ya kitendo: unatoka kwanza, kisha siku moja unagundua umefurahia kutoka. Anayengoja ajisikie vizuri ndipo atoke, aghalabu hungoja sana.

Chagua jambo moja dogo hata ukaona haya kulitaja, ulipe saa maalumu, na ulifanye siku saba. Mama mmoja alichagua kwenda mwenyewe kununua mahamri ya asubuhi badala ya kumtuma mtoto. Basi. Hatua kama mia mbili kwenda na mia mbili kurudi. Siku ya kwanza alijifunika uso ili asisalimiwe. Siku ya nne muuzaji akamuuliza, "Na mbaazi hutaki leo?" akajikuta anajibu. Wiki ya pili aliongeza kukaa barazani kwa jirani robo saa. Hakuna aliyemfundisha "kufikiri vyema", alirudishwa kati ya watu kwa bei ya mahamri.

Andika ulichokusudia kwenye karatasi, ukifanye, kisha weka alama. Ukikosa siku moja usilipe deni kwa kufanya mara mbili kesho yake, endelea tu.

## Usingizi, pumzi na mwili

Nalala saa nne, saa nane macho kodo. Nifanye nini?

Hili ndilo swali nambari moja, na ndilo lenye majibu mengi ya ovyo mitaani.

Shika saa ya kuamka kabla ya kushughulika na saa ya kulala. Kwa anayeswali, adhana ya alfajiri inatosha kuwa saa yako, mradi usirudi kitandani hadi saa nne asubuhi "kufidia". Usiku wa leo unajengwa na asubuhi ya leo.

Ukiamka katikati ya usiku na usingizi haurudi kwa muda unaouhisi kama dakika ishirini, ondoka kitandani. Usitazame saa. Kaa kwenye kiti, taa hafifu, fanya jambo lisilo na msisimko: kunja nguo, soma nyiradi, chambua mchele wa kesho. Macho yakilegea, rudi. Ukilala macho wazi kitandani kwa muda wa saa tatu kila usiku, kitanda chenyewe huwa mahali pa kuhangaikia.

Kisha kahawa. Najua naingilia mambo ya watu. Lakini kafeini ya kikombe kimoja, saa tano baadaye nusu yake bado imo mwilini kwa watu wengi. Mzee anayekunywa vikombe vinne vya kahawa tungu barazani baada ya isha, kisha akalaumu jini kwa kukosa usingizi, amlaumu muuza kahawa kwanza. Chai ya rangi nayo ina kafeini, na miraa, ingawa si kafeini, nayo hufukuza usingizi.

Simu ilale chumba kingine. Wakati wa janga wengi tulizoea kuamkia tanzia kwenye makundi ya WhatsApp, na hadi leo wako ambao simu ikilia alfajiri mikono huwa baridi kabla hawajaona jina. Tumia saa ya mezani kukuamsha. Wanaokutafuta kwa dharura uwape namba ya mtu mwingine wa nyumbani.

Nikiingia feri au matatu iliyojaa, moyo unakwenda mbio na pumzi zinakatika. Ni moyo au ni hofu?

Kama maumivu ya kifua yanakuja ukipanda ngazi, yanashuka mkononi, au una miaka mingi na presha, nenda ukapimwe moyo leo. Vipimo vikiwa safi na hali inakuja mahali palepale penye msongamano, huenda ni hofu ya ghafla. Kuna watu wa Likoni ambao bado wanaikumbuka jioni ya 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, abiria walipofukuzwa kivukoni kwa vitoa machozi. Mwili uliweka mambo mawili pamoja: umati na hatari.

Ikikujia, refusha pumzi ya kutoka. Vuta ukihesabu hadi tatu, toa polepole ukihesabu hadi sita, kama unayepoza uji. Hofu hupanda, hufika kileleni, hushuka, kwa kawaida ndani ya dakika chache hata usipofanya kitu.

Kosa kubwa ni kuacha kabisa kupanda. Kila unapokwepa, hofu inashiba. Nenda kivukoni saa za watu wachache, simama tu, rudi. Siku nyingine vuka na mwenzako. Kisha peke yako. Mwisho ndiyo saa kumi na moja jioni. Shuka ngazi moja kama umeshindwa, ila usishuke zote.

Tangu niugue korona, nikifua nguo kidogo nalala siku mbili. Naambiwa mvivu.

Kuna hali inayojulikana kama korona ya muda mrefu: uchovu, pumzi fupi, kichwa kuwa kizito na kusahau, ambazo zipo miezi mitatu tangu kuugua, zinadumu miezi miwili au zaidi, na hazina sababu nyingine.

Hapa ushauri wa "anza na mwili" niliotoa juu hauingii vilevile. Kama kazi ndogo inakuangusha siku inayofuata au ya pili yake, kujilazimisha kunakuzidishia. Kadiria nguvu zako kama mtu anayetumia maji ya mtungi siku ya mgao. Fua nusu, ukae. Pika umeketi. Pumzika kabla hujachoka. Wiki ukiwa nzuri usimalize kazi zote za mwezi. Na mweleze daktari mpangilio huo, "nikifanya leo naanguka kesho", kwa maneno hayohayo, maana humsaidia kuliko "nachoka sana".

Harufu haijarudi vizuri. Nimekata tamaa ya kupika.

Kuna zoezi la kunusa linalosaidia baadhi ya watu, na sisi vifaa tunavyo: waridi, ndimu, karafuu na mkaratusi. Weka kila kimoja kwenye kichupa chake. Asubuhi na usiku, nusa kimoja kwa sekunde kama ishirini, polepole, huku ukikumbuka harufu yake ilivyokuwa: karafuu zilizoanikwa kwenye jamvi, ndimu iliyokatwa juu ya samaki. Pumzika, nenda kingine. Fanya miezi mitatu bila kuruka siku. Watu wengine hupata kwanza harufu iliyopotoka, kahawa ikanuka moshi. Inakera, lakini mara nyingi ni dalili kwamba mishipa inajaribu kurudi.

Na moto uutazame. Asiyenusa hajui gesi inavuja wala wali unaungua.

Nyungu inasaidia mawazo?

Mvuke huburudisha, na kujifunika shuka robo saa bila simu ni mapumziko. Haitibu sonona. Watoto wasipigwe nyungu, maana sufuria ya maji moto chini ya shuka imeunguza wengi.

## Misiba

Tulimzika kwa haraka, watu wachache, wengine hatukumwona. Miaka imepita, mbona nalia kama jana?

Kwa sababu msiba haukufanywa. Kenya, mwanzoni, mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15. Maiti ilitoka na watu waliovaa mavazi meupe kichwa hadi mguu, wakazika, wakaondoka. Hakuoshwa na mkono mnaoujua, matanga hayakulala watu, sufuria kubwa hazikupikwa, wajomba wa bara walikwama njiani kwa sababu kaunti zilifungwa. Mambo haya tunayoyaita desturi yana kazi. Yanamlazimisha mfiwa asimulie kifo mara arobaini kwa watu arobaini, na katika kusimulia, akili inakubali. Wewe hukupata wa kumsimulia.

Yanaweza kufanywa sasa. Sijaona dini wala mila ya hapa inayokataza kumwombea marehemu baada ya miaka mitano. Familia moja ya Kisauni ilisoma hitima ya baba yao zaidi ya miaka mitatu baada ya kumzika. Walitandika mikeka, wakapika, wakawaita wenzake wa kazini. Mwanawe wa kiume, ambaye miaka yote hiyo alikuwa hataki jina la baba litajwe, ndiye aliyesimama mlangoni kupokea mikono. Kila aliyeingia alimpa pole, na kila pole alijibu "tumeshapoa". Jioni alikaa kwenye ngazi akasimulia simu ya mwisho kutoka wodini, mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza. Wakristo wana misa ya kumbukumbu na kuweka msalaba au jiwe kaburini, shughuli ambayo wengi waliiahirisha hadi leo.

Kama huna uwezo wa kulisha watu, zuru kaburi na mtu mmoja umsimulie. Kama kaburi liko mbali, fungua sanduku la nguo zake ukiwa na ndugu, mgawane: leso hii ya shangazi, kofia hii ya mjukuu. Usifanye peke yako usiku.

Mimi ndiye niliyemletea mama korona nyumbani.

Swali hili huja kwa sauti ya chini kabisa. Sitakuambia "usifikirie hivyo", umeshaambiwa.

Nakuuliza kwanza: unajuaje? Ugonjwa ule uliambukizwa hata na asiye na dalili. Aliyeleta maziwa, aliyekuja kumsalimu, yeye mwenyewe alipokwenda dukani, wote ni njia. Pili, tuseme ni wewe. Ulikuwa unatoka kwenda wapi? Wengi wanaouliza hili walikuwa wakienda kibaruani, na pesa ya kibarua ndiyo iliyomlisha mama huyohuyo. Mkosaji ni anayejua akakusudia. Wewe hukujua.

Baadhi ya watu husaidika kumwandikia marehemu barua na kumsomea kaburini. Wengine hutaka kumwambia sheikh au padre, na wamwambie. Majuto yakikuambia hustahili kuishi, ruka moja kwa moja hadi "Nafikiri afadhali nisingekuwepo".

## Nyumba na kazi

Madeni ya wakati ule ndiyo yanayonikosesha raha. Ushauri nasaha utalipa deni?

Hautalipa. Ndiyo maana mshauri anayekuambia uvute pumzi huku unadaiwa kodi anakuudhi, na una haki ya kuudhika. Waliofanya kazi kwenye hoteli za Diani, Malindi na Unguja walikaa miezi bila watalii, na mikopo ya simu ikajaza pengo.

Andika madeni yote kwenye karatasi moja, hata ya dukani kwa jirani. Hofu hupenda deni lisilo na hesabu. Kisha mwendee mmoja, yule unayemkwepa njiani, kabla hajakujia, na umwambie kiasi unachoweza kila wiki, hata kama ni kidogo. Usikope programu moja kulipa nyingine. Kama uko kwenye chama cha kukopeshana, mweleze mweka hazina mapema. Vyama vingi huvumilia anayesema, havimvumilii anayezima simu.

Mtoto alikuwa darasa la tatu shule zilipofungwa. Sasa ni kijana, hatoki chumbani.

Usihesabu kilichopotea kwa masomo tu. Alikosa karibu mwaka wa kugombana na kupatana na wenzake, na stadi hiyo hufundishwa uwanjani. Mpe kazi inayomkutanisha na watu ikiwa na kitu mkononi: timu ya mpira, madrasa, kwaya, kumsaidia mjomba gereji. Vijana huzungumza vizuri wakiwa hawatazamwi usoni, kwa hiyo muulize mkiwa mnaosha gari au mnapara samaki. Ameacha kula, anajikata, au anagawa vitu vyake? Usingoje. Namba 116 ni ya bure ya kuwasaidia watoto, Kenya na Tanzania.

Mume wangu hataki kusikia neno "ushauri".

Usilitumie. Mwambie "twende tukapime presha", maana huduma za afya huanza hivyo pia. Mara nyingi anayemfungua mwanamume ni mwanamume mwenzake aliyepitia hali ileile.

Mimi ni muuguzi. Nilihudumia wadi ya korona. Mbona nimekuwa baridi kwa wagonjwa?

Ulijifunga ili uweze kurudi kazini kesho yake, na kufuli limeshika kutu. Zungumza na wenzako wa zamu ile, si na familia kwanza. Wao hawahitaji kuelezwa sauti ya mtungi wa oksijeni unaokwisha. Ukitumia dawa za wadini kupata usingizi, mwambie mtu leo.

## Msaada

Wanasema ni jini.

Sheikh mwema akisoma na wewe ukatulia, alhamdulillahi. Endelea naye, na uende kliniki pia. Mmoja hamzuii mwingine. Mkimbie anayekufunga kamba, anayekupiga, anayekwambia uache dawa, au anayeongeza bei kila ukirudi.

Nitampata wapi mshauri?

Anzia hospitali ya kaunti au ya wilaya na uulize kitengo cha afya ya akili. Mombasa kuna Port Reitz, Nairobi Mathari, Dar es Salaam Muhimbili, Dodoma Mirembe, Unguja Kidongo Chekundu. Najua majina haya yametumika kutaniana. Mathari yenyewe ilianza mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, kwa hiyo majanga ya maradhi na akili za watu yamekuwa majirani tangu zamani.

Si lazima awe daktari. Zimbabwe, tangu 2006, mabibi waliofunzwa hukaa na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakiwasaidia kupanga tatizo moja moja. Kwa Kishona, lugha ya huko, hali inayowaleta watu pale huitwa *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, yaani mawazo yetu haya haya. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Mhudumu wa afya wa jamii aliyefunzwa anaweza kukufaa sana.

Dawa za sonona humfanya mtu azitegemee?

Fluoxetine na amitriptyline, ambazo hupatikana hospitali nyingi, hazileti uraibu kama vidonge vya usingizi vya aina ya Valium. Huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi kuonekana zinafanya kazi, na madhara madogo, kama kinywa kukauka au kichefuchefu, hutangulia nafuu. Hapo ndipo wengi huacha. Usiache ghafla hata ukipata nafuu, muulize daktari.

Nafikiri afadhali nisingekuwepo.

Mwambie mtu mmoja sasa hivi, kwa maneno hayo. Usikae peke yako usiku wa leo. Dawa za wadudu, vidonge na kamba vitoke chumbani, avishike mwingine. Kenya, piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, au nenda kitengo cha dharura cha hospitali yoyote. Usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba.

Kama ni ndugu yako aliyekuambia, muulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizi wazo. Kisha kaa.

Nilikuwa nimepona. Kila mwaka mwezi uleule narudi chini. Nimeanza upya?

Hujaanza upya. Mwili unakumbuka tarehe hata kichwa kikisahau: mwezi aliolazwa, wiki kazi ilipofungwa, mvua za msimu ule. Itazame kalenda, utambue mwezi wako, na uweke jambo kabla haujafika: siku ya kuzuru kaburi, dada aje alale kwako, kahawa ipunguzwe, mshauri apigiwe mapema. Mama wa mahamri huwa anayumba kila Agosti. Siku hizi, Julai ikiisha, yule muuzaji humgongea mwenyewe.